Vijiti 110 vya Lontulu

Mara nyingi watu wa kazi hutujia jioni na kutuuliza: mkubwa akiwa mkali kupita kiasi, akitukana watu na kukata mshahara bila sababu, mtu apeleke wapi neno lake? Akimwendea mkubwa mwenyewe, anajitafutia taabu. Akinyamaza, taabu iko pale pale. Ulizo hilo ni la zamani katika nchi yetu ya Kongo. Tutazame watu wa Baringa walivyofanya mwaka 1904.

Baringa iko kando ya mto Maringa, katika nchi ya Wamongo. Tangu mwaka 1892 mfalme Léopold II aliiachia kampuni iliyoitwa ABIR nchi ile, ipate kukusanya mpira wa porini. Kila mwanamume alitakiwa kuleta kilo tatu au nne za mpira mkavu kila majuma mawili. Mzungu wa kampuni naye, mapato yake yaliongezeka kadiri mpira ulivyoongezeka. Hapo ndipo ubaya ulipopata nguvu. Wengine husema tu kwamba wakubwa wale walikuwa na moyo mbaya. Wengi walikuwa nao kweli. Lakini mtu akilipwa kwa uzito wa kikapu, hata mpole hujifunza ukali. Kikapu kikipungua, walinzi wenye bunduki walitumwa kijijini. Wanawake walifungwa mpaka waume zao walete mpira. Watu walichapwa fimbo ya ngozi ya kiboko, na wengi waliuawa.

Basi, mtu ashitaki kwa nani? Mkubwa wa kampuni alikuwa na ruhusa ya Serikali ya kuwafunga wasioleta mpira, yaani mshitakiwa ndiye aliyeshika ufunguo wa gereza. Mahakama kubwa ilikuwa Boma, karibu na bahari, mbali mno. Mwaka 1896 mfalme alikuwa amechagua wamisionari sita, Wakatoliki watatu na Waprotestanti watatu, wawalinde wenyeji. Lakini walikaa mbalimbali, wakakutana mara chache sana, na chombo chao hakikuwa na nguvu. Afadhali kusiwe na mlango kuliko kuonyeshwa mlango uliochorwa ukutani.

Kwa hiyo watu walikwenda kwa wamisionari Waprotestanti waliokaa Baringa, John Harris na mke wake Alice, wakasikilizwa. Bibi Harris alikuwa na kamera. Picha alizopiga zilionekana Ulaya. Sisi Wakatoliki hatuna budi kukiri kwamba wakati ule wengi wa upande wetu walinyamaza, wakidhani kuwa kuilaumu Serikali ni kumsaidia adui wa Ubelgiji. Padri Arthur Vermeersch, Mjesuiti, ndiye aliyeandika kitabu cha kuyalaumu mambo hayo, mwaka 1906.

Mwaka 1904 habari za Roger Casement, konsuli wa Uingereza, zilipotangazwa, mfalme alibanwa, akatuma waamuzi watatu kuchunguza: Janssens wa Ubelgiji, Nisco wa Italia na Schumacher wa Uswisi. Pengine alitumaini kwamba watamsafisha. Lakini hao waliketi wakawasikiliza watu weusi mmoja mmoja, kwa mkalimani, na kuandika maneno yao.

Mbele yao alifika Lontulu, chifu wa Bolima. Alikwisha kuchapwa fimbo, kushikwa mateka na kutumikishwa katika minyororo. Mtu wa namna hiyo angeweza kulia na kupiga kelele, na nani angemlaumu? Yeye alileta vijiti 110, akaviweka juu ya meza. Kila kijiti ni mtu wake mmoja aliyeuawa kwa sababu ya mpira. Alivigawa mafungu manne: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Kisha, kijiti kwa kijiti, akawataja wafu kwa majina.

Tufikiri kidogo juu ya kazi ile. Chifu huyu hakuwa na daftari wala karani. Angesema tu, «Wametuua wengi», wakubwa wa kampuni wangejibu kwamba wenyeji hupenda kuongeza chumvi. Lakini jina la mtu halikanushiki kirahisi. Anayekana inambidi amwonyeshe mtu huyo akiwa hai. Tena chifu alisema akijua kwamba waamuzi watapanda meli waende zao, na yeye atabaki Bolima pamoja na watu wale wale aliowashitaki.

Taarifa ya waamuzi ilitoka Novemba 1905, nayo ilikiri mabaya mengi. Haikuyaacha hata mashamba ya misioni ya Wajesuiti, ambamo watoto walitumikishwa. Mwaka 1906 ABIR iliiachia Serikali kazi ya mpira, na mwaka 1908 Ubelgiji ilimwondolea mfalme Kongo. Lakini maneno ya mashahidi wenyewe hayakupigwa chapa. Yalifungiwa katika makabati ya Bruxelles, na watu hawakuruhusiwa kuyasoma mpaka miaka ya 1980. Hapo wote walioketi kwenye meza ile, waamuzi na mashahidi, walikuwa wamekwisha kufa.