Kubatizwa na Kumjua Kristo: Mafunzo ya Historia ya Ufipa

Wazee wetu wanasimulia kwamba jina la Sumbawanga lina maana ya "tupa uchawi". Aliyekuja hapa na dawa zake za giza aliambiwa aziache nje kabla ya kuingia. Sisi tunaoishi hapa tumeizoea sifa inayofuatana na jina hilo. Tukienda Dar es Salaam au Mwanza na kutaja tunakotoka, watu hutuuliza kama tumekuja kwa basi au kwa ungo. Tunacheka pamoja nao.

Lakini tukirudi nyumbani na kukaa msibani, kicheko kinakwisha. Padre amekwisha kuadhimisha Misa, tumesali rozari usiku kucha, na bado nyuma ya nyumba watu wananong'ona: "Nani kamfanyia hivi?" Wanaouliza wamebatizwa. Wengi wana kipaimara. Baadhi yao ni viongozi wa jumuiya.

Injili imehubiriwa katika nchi hii kwa zaidi ya miaka mia moja. Inakuwaje basi watu waishi karibu na Kristo vizazi vinne au vitano, bila kumjua yeye mwenyewe? Maana kumjua Kristo si kujua habari zake. Yesu mwenyewe alisema kwamba uzima wa milele ni kumjua Mungu wa pekee na yule aliyemtuma (Yn 17:3). Mtume Paulo, aliyekuwa na elimu ya dini kuliko wengi, aliyahesabu yote kuwa hasara kwa ajili ya kumjua Kristo (Flp 3:8-10). Katika makala hii tunaitazama historia yetu ili tuvione vizuizi vilivyotukuta njiani. Hatuwalaumu waliotutangulia. Tunataka kujitambua.

Kizuizi cha kwanza: Kristo kama mahali pa kukimbilia

Imani ilitufikia kutoka upande wa ziwa. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tunawaita White Fathers, walianzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza ulifika Ujiji mapema mwaka 1879. Mwaka huohuo, Kapteni Cambier kutoka Ubelgiji alijenga kituo Karema, mahali ambapo leo pamo katika Mkoa wa Katavi. Mwaka 1885 kituo hicho wakakabidhiwa mapadre, na kutoka mwambao huo Injili ikapanda taratibu mpaka kwetu juu, katika falme za Nkansi na Lyangalile.

Tukumbuke hali ya nyakati zile. Biashara ya watumwa ilikuwa haijaisha, na kijiji kingeweza kulala salama kikaamka majivu. Mapadre walikomboa watoto, wakawapokea wajane na wakimbizi, wakawapa mashamba karibu na misheni. Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa amewahi kuwa askari wa Papa, alishika silaha ili kuvilinda vijiji vya misheni dhidi ya wateka watumwa. Lilikuwa tendo la huruma na la Kikristo kabisa.

Hata hivyo, lilikuwa na hatari yake. Mtu anayekaa chini ya ulinzi wa misheni, akila chakula cha shamba la misheni na kufuata kengele ya misheni, anaweza kubatizwa kwa sababu ndivyo wafanyavyo wote walio chini ya paa lile. Anampenda Kristo jinsi mtu anavyoupenda mti wenye kivuli: jua likipungua, anainuka na kwenda zake.

Kizuizi hicho kingalipo. Wapo kati yetu wanaokuja kanisani kwa bidii wakati wa ugonjwa, wa mtihani wa mtoto au wa kutafuta kazi. Si vibaya kumkimbilia Bwana. Wengi katika Injili walianza hivyo. Wakoma kumi walimlilia Yesu na wote kumi wakatakaswa, lakini ni mmoja tu aliyerudi miguuni pake (Lk 17:11-19). Tisa walipata walichotaka. Yule mmoja alipata pia kumjua aliyempa.

Historia yetu inatupa mfano wa mtu aliyerudi. Adrien Atiman alizaliwa upande wa mto Niger, Afrika ya Magharibi, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa. Mapadre walimkomboa, na Lavigerie akampeleka Malta kusomea uganga wa kizungu. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa daktari na katekista. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini hapo hapo Karema hadi alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Mtu huyu alikuwa na kila sababu ya kuishia kuwa mtoto wa kukombolewa tu, mwenye kushukuru na kutii. Lakini upendo alioupokea ukageuka kuwa upendo alioutoa. Hospitali ya Jimbo mjini Sumbawanga inabeba jina lake. Wengi wetu tumelazwa pale, au tumezaliwa pale, bila kujiuliza jina hilo ni la nani.

Kizuizi cha pili: majibu bila Mtu

Lavigerie aliiona mapema hatari ya ubatizo wa haraka. Alirudi kwenye desturi ya Kanisa la kale akaagiza kwamba mtu mzima aandaliwe kwa miaka 4 kabla ya kubatizwa: miaka 2 ya mwanzo ya kuijaribu nia yake, kisha miaka 2 ya ukatekumeni wenyewe. Sababu yake ilikuwa kwamba moyo hauongoki kwa siku moja, na aliyebatizwa haraka hurudi nyuma haraka. Kanuni ile iliwakera baadhi ya watu kwa ukali wake, lakini ilikuwa na hekima.

Tatizo lilikuja katika namna ya kufundisha. Katekisimu ilikuwa ya maswali na majibu, na mara nyingi ilijifunzwa kwa kukariri. Wapo wazee wetu ambao hata leo ukiwaamsha usiku wa manane watakujibu neno kwa neno bila kukosea. Hazina hiyo tunaiheshimu. Lakini anayekariri hufikia mahali akadhani kwamba amemaliza. Ameulizwa, amejibu, amefaulu, amebatizwa. Kwa miaka mingi Misa ilikuwa kwa Kilatini, hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango wa lugha za watu katika miaka ya 1960. Kwa hiyo wengi walimpokea Kristo kwa uchaji wa kweli, lakini kwa nadra sana walimsikia akisema nao kwa lugha wanayoiota usiku.

Leo Misa ni kwa Kiswahili, na Biblia inapatikana. Kisingizio kimekwisha, ila kizuizi kimebaki. Kimebadili sura tu. Tunavyo vyeti vya ubatizo, kadi za zaka na risiti za michango. Mtu akiulizwa habari za imani yake anataja parokia, kigango, jumuiya na chama chake cha kitume. Yote ni mema. Lakini Filipo alikuwa katika jumuiya bora kuliko zote, tena kiongozi wake alikuwa Yesu mwenyewe, na bado Bwana alimuuliza imekuwaje muda wote huo asimjue (Yn 14:9). Swali lile lilimwelekea mtume, si mpagani.

Kizuizi cha tatu: hofu isiyosemwa

Hapa tunafika kwenye donda lenyewe. Katika miaka ya 1930 lilipita Ufipa wimbi la Mchape, lililotoka upande wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Vijana walitembea kijiji hadi kijiji wakitangaza kwamba wana dawa ya kumaliza uchawi. Baada ya uhuru, mwaka 1963 na 1964, likaja tena kwa jina la Kamchape. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyekuwa akifanya utafiti Ufipa wakati huo, aliandika habari zake. Watu walitoa pembe na dawa walizozificha, kisha wakachanjwa chale na kupakwa dawa iliyosemekana kuwakinga wasirogwe na wasiroge.

Tusidhani kwamba waliojipanga pale walikuwa wapagani tu. Kufikia wakati ule Ufipa ilikuwa nchi ya Wakatoliki. Pembe zile zilitoka katika nyumba zilizokuwa na msalaba ukutani. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi watu walikuwa wameishi na Kristo sebuleni na pembe darini. Hawakumkataa Kristo. Walimwongezea tu msaidizi.

Matendo ya Mitume yanasimulia tukio linalofanana sana na hilo. Huko Efeso wapo waliojaribu kulitumia jina la Yesu kama dawa, bila kumjua mwenye jina, na pepo akawaaibisha kwa kusema kwamba Yesu anamjua, na Paulo anamfahamu, lakini wao ni nani? Ndipo wengi waliokuwa wamekwisha kuamini wakaja kuungama, wakaviteketeza mbele ya watu vitabu vyao vya uganga, vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha (Mdo 19:13-19). Tuangalie vizuri: waliochoma vitabu walikuwa waamini tayari. Waliamini, na vitabu vikabaki nyumbani.

Lakini kati ya Efeso na Kamchape kuna tofauti mbili kubwa. Huko Efeso kila mtu aliungama matendo yake mwenyewe. Katika Kamchape kila jicho lilimtafuta jirani. Na huko Efeso waliochoma vitabu waliondoka mikono mitupu, wakiwa na Bwana peke yake. Katika Kamchape waliotoa dawa walipewa dawa nyingine. Pembe ziliondoka, hofu ikabaki. Ndiyo maana wimbi lilirudi baada ya miaka thelathini. Nyumba iliyofagiwa na kuachwa tupu, alisema Bwana, hurudiwa na mapepo mengi kuliko mwanzo (Lk 11:24-26).

Hofu hii haikai moyoni tu. Inaua. Katika nchi yetu akina mama wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni walizotupikia miaka yote. Hata mkoani kwetu watu wenye ualbino wamewahi kushambuliwa kwa mapanga. Anayepiga ramli na kumtaja bibi wa jirani hana nguvu yoyote asipopata mtu wa kumsadiki. Na anayemsadiki mara nyingi ni mmoja wetu, aliyekomunika Jumapili iliyopita. Hatusemi habari za mitishamba. Mizizi na majani ni viumbe vya Mungu, na mwenye kuvijua anasaidia. Tunasema habari za kumtafuta adui kila tunapopata msiba. Aliyemjua Kristo msulubiwa anajua kwamba Mungu alikufa bila kumlaani jirani yeyote.

Na wachungaji wetu nao, na sisi viongozi wa walei, tuna sehemu yetu. Mara nyingi tumekemea ushirikina mimbarini, tukawafanya watu waone aibu, lakini hatukuwapa mahali pa kusema, "Ninaogopa." Hofu iliyokatazwa bila kusikilizwa huenda usiku kwa mganga.

Kizuizi cha nne: dini ya kurithi

Jimbo letu lilikuwa la Karema. Mwaka 1969, chini ya Askofu Charles Msakila, likaitwa Jimbo la Sumbawanga. Kwa waliozaliwa baada ya hapo, kuwa Mkristo hakukuhitaji uamuzi. Babu alingoja miaka 4, baba akabatizwa mtoto mchanga, nasi tukarithi dini pamoja na shamba. Ubatizo wa watoto ni neema. Lakini neema hiyo ni mbegu, na mbegu haiotei kabatini.

Wazee wetu walikuwa mafundi wa chuma. Mabaki ya matanuru yao marefu ya udongo, yaani malungu, bado yanaonekana katika vijiji vya Nkasi na Sumbawanga. Katika ilungu waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa, lakini walichokitoa kilikuwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma. Hakikufaa jembe. Ilibidi kipite tena katika tanuru dogo la pili, kintengwe, ndipo mfua chuma akipokee. Hakuna aliyesema moto wa kwanza ulikuwa wa bure. Ila hakuna aliyelima na kilichotoka katika moto wa kwanza peke yake.

Tufanye nini?

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Tunazo. Tunapendekeza zitumike kwa kazi tatu. Kwanza, tusome Injili pamoja, na kila mmoja aseme maneno yale yanamwambia nini yeye, si yanamhusu jirani gani. Pili, pakitokea ugonjwa au kifo, jumuiya ifike siku ile ile na kubaki, ili mwenye huzuni asikae peke yake na swali la "nani". Na bibi anayenong'onwa tukae naye waziwazi, tule nyumbani kwake. Tatu, kila mmoja atenge muda wa kuwa peke yake na Bwana, hata kama ni dakika kumi kabla ya kwenda shambani, asiombe kitu chochote, amtazame tu.

Jina la mji wetu linatuagiza kutupa. Tumetupa mara nyingi. Kilichobaki ni kuipokea mikono ya yule aliyetukomboa, na kumruhusu aingie mpaka darini. Ee Bwana Yesu, tumekaa nawe muda mrefu. Utujalie sasa tukujue. Amina.