Fonti ya bango, mwandiko wa mkono ndani ya kompyuta

Neno fonti limetoka tanurini. Kwa Kifaransa, fonte ni chuma kilichoyeyushwa, na wachapaji wa zamani walipata kila herufi kwa kumimina madini ya moto kwenye kalibu. Ugweno, huko Upare Kaskazini, habari hiyo haina ugeni: ukoo wa Washana ulisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma, na Wachaga walikuwa wateja wa chuma cha Upare.

Siku hizi fonti ni faili lenye maumbo ya herufi, tarakimu na alama. Ziko fonti za kusomea, zinazomwacha msomaji afuate habari bila kuziangalia. Nyingine kazi yake ni kumsimamisha mpita njia. Hizi za pili wako wanaoziita "fonti za maonyesho", jina linalompeleka mtu kwenye maonyesho ya Sabasaba au Nanenane. "Fonti ya bango" inafaa zaidi: bango linajulikana huko Upare, Mwanga na Same, na kila mtu anajua husomwa kwa mbali, tena haraka.

Fonti ya bango yenye mwandiko wa mkono huiga kalamu, chaki au brashi. Herufi zinayumba, nyingine zinapanda juu ya mstari, nyingine zina tumbo kubwa kuliko nyinginezo. Inayojulikana sana katika jamii hiyo ni Comic Sans, aliyoibuni Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994 akitazama maandishi ya vitabu vya katuni. Uchangamfu huo unapendeza kwenye jina la mgahawa, kadi ya sherehe au lebo ya bidhaa. Kwenye maelekezo ya dozi ya dawa haufai kabisa.

Kiswahili kina mtihani wake. Chukua lebo ya "Tangawizi ya Mamba Miamba", zao la milima ya Same. Humo mna a saba. Zote zikiwa na mkia uleule uliopinda, jicho linagundua mara moja kwamba hakuna mkono ulioandika. Mbunifu makini huchora a mbili au tatu tofauti, kisha teknolojia ya OpenType, iliyotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, huzibadilisha zenyewe kadiri mtu anavyochapa. Kwa lugha ambayo karibu kila neno huishia kwa irabu, hilo ni hitaji la msingi.

Kuna pia kile kialama cha ng'. Baadhi ya fonti za bure hazinacho kabisa, na programu hukiazima kwenye fonti nyingine: "nyama ya ng'ombe" inatoka na kialama chembamba, kilichonyooka, katikati ya herufi nene za brashi. Mwenye bucha huliona kosa hilo bango likiwa limeshatundikwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia lebo au bango, mwombe fundi achape kwanza maneno ng'ombe, tangawizi na jina la biashara yako, kwa ukubwa utakaotumika, uyatazame ukiwa umesimama mbali.