Kupasua na kutoboa
Kitenzi “pasua” hubeba nguvu ya shoka: anayepasua gogo la mkaratusi pembeni mwa soko la Chwele, kaunti ya Bungoma, huligawa toka juu hadi chini, na ndiyo maana “upasuaji” humtisha mwanamke aliyeambiwa ana fibroidi, yaani uvimbe usio wa saratani unaoota katika misuli ya mji wa mimba. Hata “uvimbe” hupotosha kidogo, kwani nyuki naye huleta uvimbe, ilhali fibroidi haivimbi bali hukua. Katika upasuaji wa matundu, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi, kisha kamera nyembamba na vifaa vyake hupitishwa katika matundu yenye upana wa milimita 5 hadi 12, ambayo seremala angesema yametobolewa, hayakupasuliwa, ingawa ndani misuli bado hukatwa. Fibroidi iliyochomoza ndani ya mji wa mimba yaweza hata kuondolewa kupitia ukeni, pasipo ngozi kuguswa na kisu, na bado huitwa upasuaji. Wanaosema “operesheni”, wakilaumiwa kwa kukopa, angalau wamekopa neno lisilo na shoka ndani yake.