Mirija iliyosahauliwa katika miti ya mepo

Mepo wa sukari, mti ambao jani lake limepamba bendera ya Kanada tangu 1965, hutobolewa mwishoni mwa majira ya baridi ili kukinga utomvu. Takriban lita 40 za utomvu huchemshwa kupata lita 1 ya shira. Huko Quebec na Vermont, mrija hupigwa ndani ya tundu la keekee lenye upana wa milimita 8 hivi.

Msimu ukiisha, mrija ung'olewe. Tundu haliwekwi kizibo: mti wenyewe huzingira jeraha kwa ndani, kisha huliziba kwa mbao mpya.

Mrija wa chuma ukiachwa, shina huendelea kunenepa na kuumeza. Hapo ndipo hatari ilipo, kwani chuma kilichofichika huvunja meno ya msumeno na chaweza kumjeruhi mkataji. Chuma pia hutia mbao madoa meusi.

Mrija ulio nje bado huvutwa taratibu kwa koleo. Uliokwisha kumezwa ni afadhali uachwe, maana kuuchimbua hufungua jeraha kubwa kuliko la awali. Mwenye shamba autie mti huo alama, na amwarifu mpasua mbao kabla haujaangushwa.