Maandishi ya Ashoka

Maandishi ya Ashoka ni matangazo ya mfalme Ashoka wa nasaba ya Maurya (alitawala takriban 268–232 KK), yaliyochongwa kwenye miamba, nguzo na kuta za mapango katika nchi ambazo leo ni India, Nepal, Pakistan na Afghanistan. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Bara Hindi yanayosomeka. Yale ya Bonde la Indus ni ya zamani zaidi, ila hadi sasa hayajasomeka.

Usuli

Dola ya Maurya iliasisiwa mnamo 321 KK na Chandragupta, babu yake Ashoka. Makao makuu yalikuwa Pataliputra, yaani Patna ya leo.

Vita vya Kalinga

Mwaka wa 8 baada ya kutawazwa, Ashoka aliiteka Kalinga, katika jimbo la sasa la Odisha. Tangazo la 13 la miambani linataja watu 150,000 waliohamishwa kwa nguvu na 100,000 waliouawa, mbali na wengi zaidi waliokufa baadaye. Mfalme anasema wazi kwamba anajuta. Ni nadra kwa mshindi wa vita kuchonga majuto yake mwambani, na sifa ya Ashoka imejengwa hasa juu ya tangazo hili. Hata hivyo, hapohapo anawaonya watu wa misituni kwamba, pamoja na majuto yake, uwezo wa kuwaadhibu bado anao. Tena, katika Kalinga yenyewe, huko Dhauli na Jaugada, tangazo hilo halikuchongwa. Mahali pake pana maagizo kwa maofisa, ambamo mfalme anawaita watu wote wanawe.

Dhamma na dini nyingine

Ashoka alikuwa Mbuddha, na mapokeo ya Sri Lanka yanasimulia kwamba mwanawe Mahinda ndiye aliyeipeleka dini hiyo kisiwani. Lakini dhamma, yaani mwenendo mwema, inayohubiriwa katika matangazo ya miambani haitaji nirvana. Inahimiza mambo ambayo Mbrahmini, Mjaini na Mbuddha wangeweza kuyakubali pamoja: kuwatii wazazi, kuwatendea wema watumwa na watumishi, kuwapa sadaka watawa na Wabrahmini, kutoua viumbe ovyo. Katika suala hili la mwisho mfalme anaanzia jikoni kwake. Zamani, anasema, mamia ya maelfu ya wanyama walichinjwa kila siku kwa ajili ya mchuzi wa ikulu. Sasa wamebaki watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si kila siku. Anaahidi kwamba hata hao watatu wataachwa.

Tangazo la 12 linashughulikia uhusiano wa madhehebu. Anayesifu dini yake kwa kuzidharau za wenzake, kwa maoni ya mfalme, huidhuru ya kwake. Maneno hayo aliyatia vitendoni: alipunguza kodi ya kijiji cha Lumbini kwa kuwa Buddha alizaliwa hapo, lakini pia aliwapa Waajivika mapango ya Barabar, yenye kuta zilizong'arishwa kama kioo. Waajivika waliamini kwamba kila jambo limekwisha kuamuliwa na majaaliwa. Madhehebu yao yalitoweka.

Lugha na hati

Sehemu kubwa imeandikwa kwa Kiprakriti, kwa hati ya Brahmi, ambayo ni mama wa Devanagari na Kigujarati. Mansehra na Shahbazgarhi, Pakistan, ilitumika Kharosthi, inayosomwa kutoka kulia. Kandahar kuna Kigiriki na Kiaramu.

Ujuzi wa kusoma Brahmi ulipotea kwa karne nyingi. James Prinsep, ofisa wa kiwanda cha sarafu Calcutta, aliifumbua mwaka 1837 baada ya kuona kwamba maandishi mafupi ya Sanchi, mahali patakatifu pa Wabuddha, yanaishia kwa herufi zilezile, akakisia kuwa ni kumbukumbu za zawadi za waumini. Jina Ashoka lenyewe lilithibitishwa mwaka 1915 huko Maski, kwani karibu kwingine kote mfalme hutajwa kwa lakabu tu.

Miamba na nguzo

Mwamba wa Girnar uko karibu na Junagadh, Gujarat, katika rasi ya Kathiawar walikotoka Wahindi wengi wa Afrika Mashariki. Juu yake watawala wawili wa baadaye, Rudradaman na Skandagupta, nao waliandika habari za ukarabati wa bwawa.

Nguzo nyingi ni za mawe ya Chunar. Katika karne ya 14, sultani Firoz Shah Tughlaq alihamishia mbili Delhi. Ile ya Topra ililazwa juu ya pamba, ikafungwa kwa matete na ngozi mbichi, ikavutwa kwa gari la magurudumu 42 hadi mto Yamuna na kupakiwa mashuani.

Leo

Gurudumu la Ashoka lenye njiti 24 limo katika bendera ya India tangu 1947. Simba wanne wa nguzo ya Ashoka huko Sarnath ni nembo ya taifa tangu tarehe 26 Januari 1950.