Muhuri wa Mboga

Ninaishi Mikocheni, kitongoji cha Dar es Salaam kilichopata jina lake kwa mikoche. Siku chache kabla ya Idi binti yangu alitandaza karatasi mezani, akaanza kutengeneza kadi ya kumpelekea bibi yake Muheza. Alikuwa na mihuri midogo ya mpira iliyochongwa sura za mboga: bamia, nyanya, bilingani na jani la kisamvu. Kila muhuri aliugusisha kwenye kitambaa kilicholowa wino, akaugandamiza karatasini kwa kiganja, kisha akauinua taratibu. Nilimwambia kuwa huo ni mchezo wa kigeni usiotuhusu. Akaniuliza, "Baba, kigeni ni kipi hapa?" Sikuweza kumjibu papo hapo. Maneno haya ni jawabu langu lililochelewa.

Nianze na lugha. Kadi tuliipata kwa Waingereza na karatasi kwa Waarabu, walakini maneno hayo mawili ni ndugu. Yote hurudi kwenye neno moja la Kiyunani, khartes, lililotaja karatasi ya mafunjo. Muhuri ni neno la Kiajemi. Chapa limetoka Bara Hindi, ambako vitambaa vilitiwa nakshi kwa vipande vya mbao vilivyochongwa maua na majani. Kanga za mwanzo, katika karne ya 19, zilipigwa chapa kwa ufundi wa namna hiyo. Kwa hiyo pwani hii ilivaa kazi ya muhuri zamani.

Mpira nao una habari yake. Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kuwa mpira ukichanganywa na salfa na kutiwa moto huwa imara, akapata hataza mwaka 1844. Bila ugunduzi huo muhuri wa mpira usingalikuwako. Hapa kwetu, zama za Wajerumani, mti wa mpira kutoka Brazil ulipandwa kwa wingi katika nchi ya Tanga, Muheza ikiwa miongoni mwa mahali hapo, na jasho lililoyastawisha mashamba yale lilikuwa la watu wetu. Mwaka 1913 bei ilianguka, kwa sababu mashamba ya Asia yalitoa mpira mwingi na rahisi zaidi.

Biashara ilikufa, mti ukabaki. Mti huo ni jamaa wa muhogo, na majani yake watu huyatwanga na kuyapika. Ndicho kisamvu cha mpira. Tena katika miaka ya 1930 wataalamu wa Amani, milimani Usambara, walianza kuuzalisha pamoja na muhogo, ili ipatikane mihogo yenye kustahimili batobato na michirizi ya kahawia. Hivyo mti ulioletwa kwa faida ya tajiri uliishia kumfaa mkulima, chunguni na shambani.

Imebaki salamu yenyewe. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilichapwa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole, nakala 1000 hivi, kila moja kwa shilingi. Hilo ni lao. Lakini kupeleka salamu kwa maandishi hatukufundishwa na kadi: barua kongwe za Kiswahili tuzijuazo ni za mwaka 1711, zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa Goa.

Basi nikimjibu binti yangu leo, nitasema kuwa nilikosea. Kama kigeni ni kitu kilichotoka mbali, karibu kila kilichokuwa mezani pake kilikuwa kigeni, hata nyanya yenyewe, ambayo asili yake ni Amerika. Kama chetu ni kile tulichokifanyia kazi, tukakila, tukakitaja kwa lugha yetu, basi vyote vilikuwa vyetu. Mwalimu asiyeuliza habari ya kitu kabla ya kukikataa huwanyima wanafunzi wake sehemu ya urithi wao.

Kadi ilifika Muheza. Bibi yake, aliyekula kisamvu cha mpira tangu utotoni, alilitambua jani kabla hajalisoma jina la mjukuu wake.