Namba za Ndege na Ushahidi wa Umma

Januari 2004, katika uwanja wa ndege wa Palma, kisiwani Mallorca, shabiki mmoja wa ndege alipiga picha ya Boeing 737 yenye namba ya usajili N313P. Tarehe 23 mwezi huohuo ndege hiyo iliruka kutoka Palma hadi Skopje, Macedonia, ikampakia Khaled el-Masri, raia wa Ujerumani mwenye asili ya Lebanon, na kumpeleka Kabul kupitia Baghdad. El-Masri alikuwa amekamatwa mpakani siku ya mwisho ya 2003, akafungiwa hotelini siku 23, kisha akakabidhiwa kwa maofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mei 2004 walimwacha nchini Albania, baada ya kubaini kwamba hakuwa mtu waliyemtaka. Macedonia ilikana kila kitu. Desemba 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitamka kwamba nchi hiyo inawajibika kwa mateso yake, na kumbukumbu za safari za N313P zilikuwa sehemu ya ushahidi uliozingatiwa. Mashabiki kama yule wa Palma, wanaosimama kwenye uzio wa uwanja wa ndege wakiwa na darubini na daftari, huonekana kama watu waliokosa kazi. Naamini wanafanya kazi yenye manufaa makubwa kwa umma, na manufaa hayo yanatokana na tabia inayochekwa zaidi: kuandika kila ndege inayopita, bila kuchagua.

Tabia hiyo ilikomaa vitani. Uingereza iliunda kikosi cha waangalizi wa anga mwaka 1925, raia wa kujitolea waliofundishwa kutambua ndege kwa umbo na mlio wake. Septemba 6, 1939, siku tatu baada ya Uingereza kuingia Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Spitfire walizidhania Hurricane za wenzao kuwa ndege za adui, wakazitungua mbili na kumuua rubani mmoja. Kosa hilo lilionyesha kwamba kutofautisha ndege na ndege ni suala la uhai. Mwaka uliofuata, mashambulizi ya Wajerumani yalipopamba moto, rada za Uingereza zilikuwa zimeelekezwa baharini. Adui akishavuka pwani, waliobaki kumfuatilia walikuwa wale waangalizi wenye darubini. Mwaka 1941 Mfalme George VI alikipa kikosi chao hadhi ya kifalme, na mwaka huohuo likaanza kutoka gazeti la The Aeroplane Spotter, lililofundisha wasomaji kutambua ndege. Vita vilipokwisha ujuzi ule haukuwa na adui tena, lakini watu walikuwa wameshaupenda. Chama cha Air-Britain, kilichoanzishwa 1948, kiligeuka kuwa mhifadhi wa historia ya ndege mojamoja: ilitoka kiwandani lini, ilimilikiwa na nani, ilibadilishwa namba mara ngapi, iliishia wapi. Katika madaftari ya namna hiyo unaweza kufuatilia hata uhuru wetu, pale alama za usajili za kikoloni, VR-T ya Tanganyika na VP-K ya Kenya, zilipoachia nafasi 5H na 5Y.

Pingamizi kubwa ni la usalama: anayeandika namba za ndege, hasa za kijeshi, anaweza kuwa anamsaidia adui. Ugiriki ililichukulia jambo hili kwa uzito. Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa baada ya kuhudhuria siku ya wazi katika kambi ya jeshi la anga huko Kalamata. Aprili 2002 wanane walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa ujasusi, na sita mwaka mmoja kwa kuwasaidia. Novemba mwaka huo mahakama ya rufaa iliwaachia wote. Hofu ya Wagiriki si ya kupuuzwa, kwani nchi ina haki ya kuficha zana zake. Ila kitu kilichowekwa mbele ya wageni walioalikwa hakiwezi kugeuka siri kwa sababu mgeni mmoja amekiandika. Kwa ndege za kiraia hoja hiyo haina hata pa kushikia. Mkataba wa Chicago wa 1944, katika ibara ya 20, unaitaka kila ndege ya safari za kimataifa ibebe alama za taifa lake na za usajili wake. Namba huchorwa ili ionekane.

Wengine watasema sifa za kufichua safari zile za CIA ni za waandishi wa habari na wahanga wenyewe, kwa kuwa mpiga picha wa Palma hakujua alichokipiga. Kweli, hakujua, na hapo ndipo ilipo nguvu ya picha yake. Shahidi asiye na kesi hawezi kushutumiwa kwamba alitengeneza ushahidi. Mwandishi anayefuatilia jambo huanza kuandika baada ya kushuku, na wakati huo ndege imekwisha kuondoka. Shabiki alikuwa ameiandika tangu ilipotua.

Pasipo daftari kama hilo, hasara yake tunaijua huku kwetu. Usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961, ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, akiwa njiani kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo. Tangu 2015 Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, ameongoza uchunguzi wa mkasa huo kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Miongoni mwa maswali aliyolazimika kuyafufua ni ya kishabiki kabisa: Katanga ilikuwa na ndege za kivita za Fouga Magister ngapi zinazoruka? Ndege za Dornier kutoka Ujerumani Magharibi zilikuwa wapi usiku ule? Haya ni mambo ambayo mtu mwenye penseli kando ya uwanja angeyaandika kwa dakika moja. Badala yake jaji amelazimika kuziomba serikali zifungue nyaraka zao za kijasusi, na katika ripoti zake amezitaja Uingereza, Marekani na Afrika Kusini miongoni mwa zile ambazo bado zinaelekea kuwa na taarifa ambazo hazijatolewa.